Tuzo za utalii Nyanda za Juu Kusini: tupimeje ubora na ukuaji ili vikombe visigawiwe kwa kujuana?

Kikapu_cha_Milulu (mwanzisha mada)

Kamwene wakuu.

Chama chetu cha watoa huduma za utalii hapa Iringa kimepitisha wazo la usiku wa tuzo, wa kwanza, kwa ukanda mzima wa Iringa, Njombe na Mbeya. Nia ni kuwapongeza wanaofanya kazi nzuri na kuonyesha kwamba kusini nako kunakua, si kaskazini na Zanzibar tu. Watakaoshindana ni kama 60: loji na kambi za hema za Hifadhi ya Ruaha, hoteli za mjini, mawakala wenye TALA (leseni ya biashara za utalii), waongoza watalii na vikundi vya utamaduni.

Hadi sasa tumekubaliana mambo matatu. Tarehe ni 27 Septemba, Siku ya Utalii Duniani. Vipengele vya tuzo ni 22. Kura za mtandaoni ziamue asilimia 60 ya matokeo. Kamati ina watu saba, wanne kati yao ni wamiliki wa biashara.

Naomba wenye ujuzi wa upimaji mnisaidie: karatasi ya alama iweje, wapimaji wapatikane wapi, "ukuaji" tuupime kwa kitu gani, na fungu dogo tulielekeze wapi kwanza. Nisameheni kama swali ni refu.

---

Mizani_Sawa

Mkuu, anzeni kwa kufuta yote matatu mliyokubaliana. Sisemi kwa ubaya.

Tarehe kwanza. Septemba mwishoni Ruaha iko kwenye kilele cha kiangazi. Mto umebaki madimbwi, wanyama wamekusanyika penye maji, kambi zimejaa. Mwongozaji aliye bora kuliko wote siku hiyo yuko Msembe, makao makuu ya hifadhi, na wageni sita garini, hawezi kuja mjini kuvaa suti. Mtabaki ukumbini na wale waliokosa wageni. Pimeni wakati wa kazi, sherehekeeni wakati wa ukimya. Mwishoni mwa kifuku (msimu wa mvua), Aprili na Mei, kambi kadhaa za hifadhini hufungwa, wafanyakazi wapo nyumbani na bei ya ukumbi inajadilika. Angalieni tu Pasaka na Ramadhani zinaangukia wapi mwaka huo.

Ila upimaji wenyewe usiwe wa kiangazi pekee. Hifadhi ya Kitulo maua yake ni ya kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili. Ukimpeleka mpimaji Agosti atakuta nyasi na baridi, na mwongozaji wa Kitulo atapewa alama za mtu asiye na cha kuonyesha. Wekeni vipindi viwili: Julai hadi Septemba kwa Ruaha, Isimila (zana za mawe za kale), Kalenga (ngome ya Mkwawa) na hoteli za mjini; Januari hadi Machi kwa Kitulo na ziara ya pili ya hoteli zile zile za mjini. Hoteli inayong'aa Agosti ikiwa na wageni wengi inaweza kuwa imezima boila Februari.

Vipengele 22 kwa washiriki 60 ni chini ya washindani watatu kila kimoja. Hayo ni mahafali ya chekechea, kila mtoto anarudi na zawadi. Wekeni kanuni iandikwe mapema: kipengele kisichopata washindani wanne wenye sifa kinaunganishwa na kingine au kinafutwa. Kwa idadi yenu naona vinane: malazi makubwa (vyumba 20 na zaidi), malazi madogo, wakala wa safari, mwongozaji wa wanyamapori, mwongozaji wa historia na utamaduni, kikundi cha jamii, chakula, na ukuaji. Na kanuni ya pili ambayo kamati nyingi huogopa kuiandika: asipofikia mtu alama 70 kati ya 100, tuzo hiyo mwaka huo haitolewi. Mkiitumia hata mara moja, watu wataamini zile nyingine.

Kura. Kiungo kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hupima ukubwa wa ukoo wa mtu. Mwenye wafanyakazi 80, kila mmoja ana laini mbili, ameshashinda kabla hamjaanza. Kama mnataka sauti ya mgeni, chukueni dodoso fupi linalojazwa wakati wa kuondoka, maswali matano, na asiyefikisha madodoso 30 kwa msimu asihesabiwe kwenye sehemu hiyo. Dodoso lipewe uzito wa 15, usizidi hapo. Na kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: ukitaka namba ya simu ya mgeni ili mpimaji ampigie baadaye, lazima mgeni akubali mwenyewe, mfano kwa kuweka alama kwenye kisanduku. Hoteli isiwagawie orodha ya wageni hivi hivi.

Karatasi ya malazi ningeigawa hivi: usalama na afya 25, huduma 20, wafanyakazi 15, dodoso la wageni 15, mazingira 15, manunuzi ya ndani 10. Usalama uwe pia kama geti: aliyepata chini ya 15 kati ya 25 hapo anatoka, hata kama kwingine kote amejaza. Mgeni akiungua chumbani, uzuri wa mapazia hauna maana tena.

Kosa kubwa la karatasi hizi ni maneno kama "usafi: mzuri sana / mzuri / wastani". Kila mtu ana wastani wake. Andikeni kitu kinachoonekana au kupimika:

– Kizima moto: mshale wa geji uko kwenye kijani, tarehe ya ukaguzi haijapita, kinafikika bila kusogeza meza. Pointi 3, na kila kinachokosekana kinaondoa 1.
– Jokofu la nyama lisomeke nyuzi 5 au chini, chakula cha moto mezani nyuzi 60 au juu. Mpimaji abebe kipimajoto chake cha kuchoma, asisome cha jikoni.
– Maji ya moto: fungua saa 3 usiku, hesabu dakika hadi yapate moto. Chini ya dakika 3 ni alama zote, zaidi ya 8 ni sifuri.
– Wafanyakazi: mikataba mitano ichaguliwe bila mpangilio kutoka kwenye orodha ya malipo, kisha linganisha na michango ya NSSF ya miezi mitatu. Usimruhusu meneja akuchagulie hiyo mitano.
– Manunuzi ya ndani: stakabadhi za mwezi mmoja mtakaoutaja ninyi. Hoteli ya Iringa inayoagiza nyanya kutoka Dar ilhali Ilula ipo hapo jirani inabidi ieleze kwa nini.

Kila mstari uwe na nafasi ya kuandika kilichoonekana. Alama isiyo na maelezo isihesabiwe.

---

Kengele_ya_Mlango

Mizani kamaliza ya karatasi. Mimi nagusa kamati.

Wamiliki wanne kati ya saba! Hata wakiwa malaika, hakuna atakayeamini. Kamati ya maandalizi (ukumbi, fedha, wafadhili) iwe mbali na jopo la wapimaji. Kamati isione alama hadi usiku ule. Jopo lisijue nani kafadhili nini.

Mfadhili asishindane kwenye kipengele chochote, na kipengele kisipewe jina la kampuni iliyo na washindani humo. Kampuni ya simu, benki, wauza matairi, hao sawa. Hoteli inayotoa vyumba vya bure kwa wapimaji, halafu "ikashinda"? Bora mlale nyumba ya wageni ya kawaida mlipe.

Ada ya kushiriki iwe moja, ndogo, ya wote. Usimwombe mshindi anunue kikombe chake au meza ya watu kumi ukumbini. Hiyo ndiyo alama ya tuzo za biashara zinazouzwa duniani kote: barua pepe inakwambia umeshinda, halafu ankara inafuata. Mkianza na mtindo huo mwaka wa kwanza, mwaka wa pili walio bora hawatajaza fomu.

Kila mpimaji asaini karatasi ya mgongano wa maslahi: ndugu, mkopo, ajira ya miaka mitatu nyuma, biashara ya pamoja. Akiwa na uhusiano, anatoka kwenye hicho kipengele chote, asiishie kuruka yule mmoja tu.

Leseni pia. Kabla mtu hajapimwa, aonyeshe leseni hai ya biashara za utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Ni aibu kumpa mtu kikombe halafu wiki inayofuata afungiwe.

---

Kikapu_cha_Milulu

Asanteni, mmenipiga ila nimepona. Tarehe na kura nadhani nitawashawishi wenzangu.

Kinachonikaba ni "ukuaji". Wengi hawataki kuonyesha vitabu vyao, wanaogopa TRA na wanaogopana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja kaniambia amekua asilimia 200, mwingine 12. Wa 12 ndiye kila mtu anamjua kuwa ana kazi. Nampimaje?

---

Hesabu_za_Vitanda

Asilimia 200 ni rahisi kuipata ukianza karibu na sifuri. Kutoka wageni 40 kwenda 120 ni asilimia 200. Kutoka 3,000 kwenda 3,360 ni 12. Wa kwanza kaongeza watu 80, wa pili 360. Kwa hiyo wekeni kiwango cha chini cha kuingia, mfano usiku-mgeni 300 (wageni mara siku walizolala) mwaka wa msingi, yaani ule wa kulinganishia, na walio chini ya hapo wawe na nafasi yao ya "chipukizi" yenye maelezo, isiyo na mashindano ya asilimia.

Hesabuni usiku-mgeni, msihesabu vichwa. Kambi iliyopokea wageni 900 waliolala siku 2 ina 1,800. Iliyopokea 700 waliolala siku 3 ina 2,100. Ya pili ndiyo iliyolisha wapishi, waosha nguo na wauza kuku zaidi. Kwa kusini hili lina uzito wa pekee, maana mgeni akishasafiri hadi Ruaha, ushindi ni kumfanya aongeze siku moja ya Isimila, Kalenga au Udzungwa badala ya kupanda ndege asubuhi.

Ujazo wa vyumba nao unadanganya msipokubaliana kigawanyo. Kambi ya hema 12 imeuza usiku-chumba 1,971 (chumba kimoja kwa usiku mmoja ni 1). Ukigawa kwa 12 × 365, yaani 4,380, unapata asilimia 45. Lakini kambi hiyo hufungwa Aprili na Mei, siku 61, kwa hiyo vilivyokuwepo kuuzwa ni 12 × 304 = 3,648, na ujazo ni asilimia 54. Zote mbili ni hesabu halali. Kinachokatazwa ni mwaka huu kutumia ya pili na mwaka jana ya kwanza, halafu kutangaza umepanda pointi tisa. Fomu iulize: siku ulizofungua, vyumba vilivyokuwa vinauzika, usiku-chumba uliouza. Asilimia mkokotoe wenyewe.

Halafu mwaka wa msingi. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, ikashuka hadi kama 620,000 mwaka 2020. Yeyote anayepima ukuaji wake kuanzia 2020 anaonekana shujaa, hata kama hajarudi alipokuwa kabla ya korona. Msingi uwe wastani wa miaka miwili iliyotangulia, na ambaye ana takwimu za 2019 aziweke pembeni kama rejea.

La mwisho, na hili watu hawalipendi. Mwaka 2022 nchi ilipata watalii 1,454,920. Mwaka 2023 wakawa 1,808,205. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 24. Mwaka 2024 wakafika 2,141,895, nyongeza nyingine ya zaidi ya 18. Kampuni iliyokua asilimia 12 mwaka 2023 ilikuwa inapoteza sehemu yake ya soko huku inashangilia. Kwa hiyo yule wako wa 12, kabla hujampa kikombe, angalia ni mwaka upi na soko lake ni lipi. Kama wageni wake wengi ni Watanzania wa mikutano na safari za shule, takwimu za mipakani hazimhusu sana, mlinganishe na hoteli za mjini zenzake.

Kuhusu hofu ya vitabu: msiombe mauzo kwa shilingi kabisa. Usiku-chumba, usiku-mgeni, siku za ajira, na idadi ya wasambazaji wa ndani vinatosha. Fomu ziende kwa mhasibu mmoja wa nje ya ukanda aliyesaini usiri, naye anawapa jopo namba za mabadiliko tu, bila majina: Mshiriki A, B, C. Yeye ndiye anayekagua kwa kushtukiza washiriki wawili au watatu dhidi ya daftari la mapokezi. Wajulisheni tangu mwanzo kwamba ukaguzi upo. Fomu za ajabu hupungua zenyewe.

---

Tandala_Mkubwa

Naongezea upande wa waongozaji, maana naona mnaongelea vyumba tu.

Usimpime mwongozaji kwa kumsikiliza akijieleza mbele ya jopo. Msemaji mzuri atawashinda wote. Mpimeni kazini, saa tatu garini, mpimaji akae kiti cha nyuma kabisa pale mgeni wa mwisho anapokaa. Sauti inafika? Wageni watatu wa nyuma wanapata nafasi ya kuona, au dereva anasimama pale tu yeye anapoona vizuri?

Alama 100 nizigawe: usalama na mwendo 30, maadili kwa wanyama 25, maarifa 25, kumhudumia mgeni 20. Usalama ni pamoja na spidi isiyozidi 50 hifadhini, mkoba wa huduma ya kwanza uliofunguliwa na kukaguliwa kabla ya safari (dawa zilizopitwa na muda ziko ndani ya mikoba mingi kuliko mnavyodhani), tairi la akiba lenye upepo, maji lita 3 kwa kila mtu, na namna ya kuwasiliana mtandao unapokata. Maadili: hatoki nje ya barabara hata simba akiwa mita 60 kwenye nyasi, anazima injini, hamzibii tembo njia ya kushuka mtoni. Akitoka nje ya barabara, sifuri kwenye sehemu hiyo nzima, hakuna majadiliano.

Maarifa ndipo ukanda huu unapotofautiana na kaskazini. Orodha ya wanyama watano wakubwa haitoshi. Mwongozaji wa Ruaha aweze kutofautisha tandala mkubwa na mdogo kwa mistari ya mwili na shingo, ajue kwamba palahala na korongo (yule swala mkubwa, si ndege) wote wapo hapa, na aeleze bila kuvunga kwa nini mto Ruaha Mkuu unakauka sehemu ya hifadhi karibu kila kiangazi tangu 1993. Jibu la "tabianchi" peke yake lipewe nusu. Maji ya juu kule Usangu, mashamba ya mpunga na mifereji, lazima vitajwe. Mwenye kuendelea mpaka bwawa la Mtera na umeme, mpe zote.

Swali la mtego: hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini ni ipi? Bado kuna anayejibu Ruaha, kilomita za mraba 20,226. Ilikuwa kweli baada ya Usangu kuunganishwa mwaka 2008, lakini tangu 2019 ni Nyerere, zaidi ya 30,000. Anayekosa hapa hajasoma kitu kipya kwa miaka.

Wa historia wana mtihani mgumu zaidi kwa sababu makosa yao hayaonekani. Kalenga mtu anaweza kukusimulia kwa hisia nzito kabisa huku anachanganya miaka. Wapimaji wabebe karatasi hii: vita vya Lugalo ni 17 Agosti 1891, jeshi la Mjerumani Zelewski lilipovunjwa. Ngome ya Kalenga iliangukia mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894. Chifu Mkwawa wa Wahehe alijiua Julai 1898, hakuuawa na Mjerumani. Fuvu lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles mwaka 1919 na likarudishwa 1954 na Gavana Twining. Anayesema fuvu lilirudi "baada ya uhuru" akatwe. Isimila vivyo hivyo: zile nguzo za udongo ni kazi ya mmomonyoko, na zana za mawe ni jambo jingine la zama za kale mno. Wapo wanaoviunganisha kana kwamba watu wa kale walichonga nguzo.

Na mpimaji wa historia asiwe mgeni wa lugha moja tu. Ziara moja kwa Kiingereza na moja kwa Kiswahili na kundi la wanafunzi. Wapo wanaowaheshimu Wazungu na kuwakimbiza watoto wa shule dakika kumi nje, dakika tano ndani.

---

Mizani_Sawa

Tandala, ya wanafunzi nimeipenda, naichukua.

Kikapu, hukuuliza ila utalikuta: wapimaji hawana mkono mmoja. Mmoja ana wastani wa 62, mwenzake 78. Loji ya kwanza imepata 70 kwa yule mkali, ya pili 76 kwa yule mpole. Ukisoma alama tupu, ya pili imeshinda. Lakini ya kwanza iko 8 juu ya wastani wa mpimaji wake, ya pili iko 2 chini. Linganisheni tofauti na wastani, msilinganishe alama.

---

Hesabu_za_Vitanda

Hapo naomba kupinga kidogo. Hesabu hiyo inasimama tu ikiwa wapimaji wote wamepewa mchanganyiko unaofanana. Kama mkali alipelekwa kwenye loji dhaifu na mpole kwenye loji nzuri, tofauti ya wastani wao ni ya kweli, na ukiiondoa unawaadhibu wazuri. Dawa ni kuanza pamoja: siku ya kwanza wapimaji wote waende malazi yale yale mawili yasiyoshindana, kila mtu ajaze peke yake, kisha mkae mlinganishe mstari kwa mstari. Mkipishana zaidi ya pointi 2 kwenye mstari wowote, mstari umeandikwa vibaya, uandikeni upya. Baada ya hapo kila mshiriki apimwe na watu wawili, kwa siku tofauti, na wakipishana zaidi ya 12 kwa jumla aende wa tatu.

---

Mizani_Sawa

Nakubali, ya kuanza pamoja ni bora kuliko yangu. Wapimaji 12 wanatosha kwa washiriki 60 wakienda wawili wawili, kila mmoja anabeba kumi.

Na wasitoke Iringa. Mji huu ni mdogo, mpokezi atamtambua mpimaji kabla hajashusha begi. Chukueni wa Dodoma, Morogoro, Songea. Ziara moja iwe ya wazi, yenye ukaguzi wa jikoni na karatasi. Nyingine ya mgeni wa siri. Huyu aweke nafasi kwa simu ya kawaida, alipe mwenyewe, atunze stakabadhi, afike baada ya saa 10 jioni, na aombe vitu vitatu vidogo: chakula kisicho na nyama, kuamshwa saa 11 alfajiri, na kutafutiwa kitu "alichosahau" chumbani baada ya kuondoka. Hilo la tatu ndilo linalofichua mengi. Kwa kambi za ndani ya hifadhi zinazouza kupitia mawakala wa Arusha na Dar, mgeni wa siri ni vigumu kumpenyeza bila wakala kujua, kwa hiyo kipimo hicho kifanyike tangu kwenye barua pepe ya kuulizia: walijibu baada ya saa ngapi, bei ilitaja ada za hifadhi au waliziacha zimshtue mgeni getini?

Mafuta msiyasahau. Mjini hadi Msembe ni kama kilomita 130, kwenda na kurudi 260, weka mizunguko ya 150 ndani. Land Cruiser itakunywa lita 70 hadi 80. Andikeni mapema kwa mkuu wa hifadhi kuhusu viingilio vya wapimaji. Jibu la barua huchukua muda.

---

Jukwaani

Nimesoma yote, sasa shughuli yenyewe. Fungu likiwa dogo, karibu nusu iende kwenye upimaji. Ukumbi unaweza kupambwa kwa vikapu vya milulu na mishumaa, haugharimu. Na vikombe msiagize vya kioo kutoka nje. Fundi wa mninga au akina mama wa vikapu wawatengenezee nane, ila wapeni wiki sita, na leteni mfano mmoja kwanza. Kibandiko cha jina kisigundishwe kwa gundi ya kawaida juu ya mbao yenye mafuta, kitabanduka mkononi mwa mgeni rasmi. Kipigiliwe misumari midogo miwili.

Muda: saa mbili na nusu kwa jumla, basi. Tuzo 8 kwa dakika 5 kila moja ni dakika 40. Hotuba zisizidi tatu. Chakula kiliwe kabla ya tuzo ya mwisho. Kikija baada ya zote, ukumbi hutawanyika mgeni rasmi akiwa bado anaongea. Na mgeni rasmi akichelewa, muwe na sehemu ya kwanza isiyomhitaji: ngoma, picha za wapimaji kazini, tuzo mbili za mwanzo.

Mshehereshaji asisome jina tu. Jopo liandike sentensi mbili kwa kila mshindi, zitaje kitu kilichoonwa: "Mikataba yote mitano iliyoteuliwa ilikutwa kamili, na maji yalipata moto ndani ya dakika mbili saa tatu usiku." Ukumbi unajifunza hapo hapo kilichopimwa, na aliyekosa anajua pa kurekebisha. Sentensi hizo ndizo mtakazozitumia kwenye matangazo ya ukanda baadaye, zina nguvu kuliko "bora kuliko wote".

Rufaa zije kabla ya sherehe. Wiki tatu kabla, kila mshiriki apelekewe kilichoandikwa juu yake, bila alama na bila wengine, na apewe siku saba kusahihisha makosa ya ukweli tu: "kizima moto kilikuwepo, picha hii hapa." Baada ya siku saba mlango umefungwa. Ndani ya siku 14 baada ya sherehe kila mmoja, mshindi na asiyeshinda, apate karatasi yake kamili.

Matokeo yawe kwenye bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mhasibu na moja kwa mwanasheria.

---

Kikapu_cha_Milulu

Nimeyachapa yote, Jumamosi napeleka kikaoni. Vipengele vinane, Mei, wapimaji wa nje, kura zimekufa. Najua nani atapiga kelele kuhusu ufadhili.

Swali dogo la mwisho: vyeti tuchape lini? Mwenye duka la uchapaji anataka majina yote wiki mbili kabla, na hapo siri inavuja.

---

Jukwaani

Mpe majina ya walioingia fainali wote, watatu kila kipengele, achape vyeti 24 vya "mshindi". Usiku ule mnatumia 8, vingine 16 mhasibu anavichana mbele ya mashahidi. Gharama ni karatasi tu. Na kila mshiriki asaini jina lake lilivyoandikwa kwenye fomu kabla halijaenda kuchapwa. Kikundi cha Wanging'ombe wasije wakapokea cheti chenye jina lisilo na ile alama ya juu baada ya "ng", watakikataa jukwaani.